Kicheko Kilichojua

Nilipoingia katika mji ule nilikuwa bado nalijua jina langu. Nasema hivi mapema kwa sababu baadaye mtaniuliza, na baadaye sitakuwa na jibu. Nilikuja nalo kutoka nilikotoka, nikavuka nalo daraja, nikapita nalo sokoni ambako wauza vitunguu walikuwa wakifunga vibanda vyao na kuvifungua tena bila kupumzika, maana jua lilikuwa limesimama juu ya paa la ghala na hakuna aliyejua kama ile ni asubuhi inayokawia au jioni iliyowahi. Niliwauliza. Mmoja aliniambia ni jana. Mama mmoja mnene aliyekalia gunia alinitaka niache maswali ya kitoto nikimbilie msibani, watu wananisubiri. Nikamwambia mimi sina msiba. Akanitazama kuanzia viatuni hadi utosini, akaguna, akasema ndivyo tulivyo sisi watani, tunachelewa makusudi ili tukifika tubembelezwe.

Ningeweza kukataa. Miguu ilikuwa yangu na daraja lilikuwa bado pale nyuma. Lakini niambieni ukweli, nyinyi mnaosoma mkiwa mmekaa vizuri: mara ya mwisho kusubiriwa ilikuwa lini? Sisemi kusubiriwa na mwenye nyumba anayetaka kodi. Nasema kusubiriwa na watu wenye hamu nawe, watu walioshindwa kuanza jambo lao mpaka ufike. Mimi nilikuwa nimetembea muda mrefu bila hata mbwa kunibwekea. Nilipoambiwa nimechelewa niliona haya, na haya hiyo ikanifanya niamini kwamba kweli kuna mahali nilipaswa kuwahi. Nikaongeza mwendo. Nadhani jina langu lilidondoka hapo, kati ya soko na nyumba ya msiba, ila sikusikia lilipoanguka.

Mji ule una pande mbili, watu wa Bondeni na watu wa Nyanda. Zamani, na kwao zamani ni neno linaloweza kumaanisha hata kesho kutwa, walichinjana. Walichinjana mpaka wakachoka, na walipochoka wakagundua kwamba hawakumbuki kisa. Wazee wa pande zote mbili wakakaa wakaapa kwamba hawatauana tena, na hasira iliyobaki wataimalizia katika maneno. Tangu hapo mtu wa Nyanda ana haki ya kumtukana mtu wa Bondeni, kumvua kofia njiani, kumchukulia kuku bandani, na aliyefanyiwa haruhusiwi kukasirika kwa sababu kesho ni zamu yake. Msibani ndipo utani unapokuwa kazi. Mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake, hulala kaburini akagoma kutoka, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Wanaamini kwamba marehemu asipochekwa hatajua kama amekufa, ataendelea kurudi nyumbani kuulizia chai yake. Na neno la mtani siku hiyo ni upepo. Hulishiki, hulipeleki popote, humlaumu nalo mtu. Lakini neno la asiye mtani, likisemwa mbele ya maiti, ni ushahidi. Hili la pili sikuambiwa na mtu mpaka nilipokwisha kusema.

Nyumbani kwa marehemu, upande wa Bondeni, palikuwa na turubai la buluu, mikeka, na masufuria ya wali yaliyofunikwa kwa magunia mabichi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Mwinyikondo, mdogo wake marehemu, mtu mrefu aliyeongea kwa sauti ya chini hata anapogomba. Alinishika mkono asiuachie. Alinilaumu kwa kuchelewa, akasema mwili uko tayari, kaburi liko tayari, watu wamekwisha kulia kilio chote walichokuwa nacho na sasa wamekaa wanatazamana. Nikafungua mdomo nimweleze kwamba mimi ni mpita njia. Yeye alikuwa amekwisha kunikabidhi kanzu.

Ilinikaa. Hilo lilinishangaza kuliko jua. Mabega yalifika pale mabega yanapofika, na mfukoni mlikuwa na kitambaa kilichokunjwa kwa namna ninayokunja mimi vitambaa vyangu, au kwa namna niliyoanza kudhani kwamba nakunja. Nikavaa kofia, nikachukua fimbo. Waliniambia haraka haraka niliyotakiwa kuyajua. Marehemu aliitwa Mzee Mwinyimvua, fundi wa magodoro ya sufi. Sufi ilikuwa imemwingia kifuani miaka na miaka, hata akawa hawezi kumaliza jambo analolisema bila kupiga chafya. Alikuwa bahili wa sukari. Mkewe aliondoka zamani akamwachia mtoto mchanga wa kike, naye akamlea peke yake katikati ya marobota. Mtoto huyo ndiye Siwatu. Walinionyesha: mwanamke wa makamo aliyekaa kando ya jeneza, miguu ameikunja upande, na nywele zake zilizochomoza kwenye mtandio zilikuwa na nyuzi nyeupe za sufi ambazo hakuwahi kuzitoa.

Nikaanza. Sijui nilijifunza wapi. Nilitembea kwa kuburuta mguu, nikapiga chafya, na mtu wa kwanza akacheka. Nikaenda kwenye jeneza, nikabonyeza mkeka waliomtandikia, nikauliza kwa sauti ya pua ni fundi gani kashona uchafu huu, mteja akiuona si atadai pesa zake. Wakacheka. Nikaomba chai, nikachungulia kikombe, nikalalamika kwamba sukari imezidi na mimi bado sijazikwa. Walicheka mpaka wakashikana. Siwatu naye alicheka, machozi yakimfika kidevuni, akamwambia jirani yake kwamba hiyo hiyo ndiyo sauti, hiyo hiyo, na akanyoosha mkono kunigusa upindo wa kanzu.

Nataka nikae kidogo juu ya hali hii, kwa sababu sijawahi kuielewa. Kicheko cha watu wengi ukikisababisha wewe, unaota nyama mwilini. Nilikuwa nimeingia mle ndani mwepesi, nusu mtu, na kila walipocheka nilipata sehemu: goti, kifua, mgongo wenye maumivu ya zamani ya kuinamia sindano. Nilihisi ninapendwa. Lakini anayependwa ni nani, ikiwa sauti si yangu na nguo si zangu? Na kama ni yule aliyelala, mbona nyama ninaota mimi? Mtu anayechekesha hujiona ametoa, kumbe labda anachukua. Nilijiuliza hivyo na papo hapo nikataka wacheke tena. Ndiyo aibu yake. Swali lilikuwapo kichwani na ulimi haukulisubiri.

Sikupanga. Nilikuwa nimebakiwa na pumzi ya neno moja, na watu walikuwa wamenikazia macho wakilingoja. Nikamwinamia Siwatu, nikamshika kidevu, nikamgeuza uso kwenye mwanga, nikapiga chafya, nikasema, "Pua hii mbona si yangu? Muulizeni mama yake aliitoa duka gani."

Ni mzaha wa kawaida. Mmeusikia harusini, mmeusikia kwenye kumtoa mtoto nje, na pengine mmeusema wenyewe. Hauna hata ufundi.

Kicheko kilichofuata hakikuwa kama vile vya kwanza. Vya kwanza vilianza kwa mmoja vikasambaa. Hiki kilitoka kwa wote kwa mara moja, kimekwisha kuiva, kicheko cha watu waliokuwa wamekibana tangu siku nyingi na mlango umefunguliwa. Wanawake walijiziba kwa khanga. Mwanamume mmoja alimpiga mwenzake pajani akimwambia, si unaona. Mzee Mwinyikondo mwenyewe alicheka kwa kooni, uso ameuficha. Kisha kikakatika. Kilikatika kwa wote kwa mara moja vilevile, na kule kukatika ndiko kulikomaliza mambo, kwa sababu hakuna anayenyamaza kwa hofu baada ya jambo la uongo.

Siwatu alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilikuwa limesahauliwa pale mdomoni, na macho yake yalikuwa yakitoka kwenye uso mmoja kwenda mwingine, na kila uso alioufikia ulikuwa umeinamia mkeka. Mimi sikujua kitu. Naapa. Nilikuwa na saa moja tu katika mji wao, kama saa zilikuwapo. Nilisema neno tupu, na wao wakalijaza kwa kicheko chao, na yeye akasoma humo yote ambayo baba yake alikuwa amemficha maisha yake yote.

Akamgeukia Mzee Mwinyikondo. "Baba mdogo, umecheka nini?"

Mzee alisema amecheka mzaha, kwani mtu hucheka nini kingine msibani.

"Ule wa sukari hukuucheka hivyo," Siwatu akasema.

Nitamtetea Mwinyikondo mbele yenu, maana alichofanya baada ya hapo alikifanya kwa huruma. Alisimama akawatangazia watu kwamba neno limesemwa na mtani, na la mtani ni upepo, na asisikie mtu analitafuna njiani. Kisha ili alizike kabisa akanigeukia, akaniomba niwatajie hapo hapo jina langu na ukoo wangu wa Nyanda, watu waridhike. Akanitazama akingoja. Wote wakanitazama. Nikaingia ndani yangu kulitafuta jina, nikakuta kulikuwa na mahali pake, safi, pamefagiliwa, na lenyewe halipo. Nikasema sijui. Nikasema nilipita tu, mama wa vitunguu ndiye aliyenituma. Niliona uso wa Mwinyikondo ukisawijika.

Hapo ndipo nilipoelezwa lile la pili. Ikiwa mimi si mtani, basi nimetoa ushahidi mbele ya maiti, na ushahidi haufutwi. Katika mji ule mtoto ndiye anayetupa mchanga wa kwanza kaburini, awe wa kiume au wa kike, na ndipo anapobaki na jina la mzazi. Siwatu asingetupa. Wangemweka kando, azikiwe baba yake na watu wengine, na kuanzia siku hiyo asingeitwa binti Mwinyimvua na mtu yeyote, hata na wanaompenda. Angempoteza mara mbili kwa siku moja, na mara hii ya pili kwa mdomo wangu.

Wakaanza kubishana. Waliokaa chini ya turubai walisema hakuna jambo hapa. Kavaa nguo, kaiga, tumecheka, na kicheko chetu ndicho kilichomfanya mtani. Waliosimama kwenye ua wa makuti wakajibu kwamba tusi ni tusi hata ukilivisha kanzu. Mmoja akalalamika kwamba watu wa siku hizi hawataniki, wanasusa kila kitu, wazee wetu walitaniwa hadi vilema vyao na wakaishi miaka mingi. Mwanamke mmoja akamuuliza kama aliwahi kuwauliza hao wazee wenye vilema. Mwingine alitaka utani upigwe marufuku kabisa, tangu leo, kila mtu azike wake kimya kimya. Akajibiwa kwamba siku utani ukikoma mapanga yatashuka kutoka darini, maana hasira ya zamani haijaenda popote, imekaa kwenye mizaha ikisubiri kufukuzwa. Kila aliyesema nilimwamini. Huo ndio ugonjwa wangu. Nilikuwa nikimwamini kila mmoja mpaka afunge mdomo, kisha namwamini anayefuata, na jua halikusogea. Watoto waliokuwa wakicheza gololi mjadala ulipoanza walikuwa na ndevu katikati yake, na ulipokuwa ukielekea mwisho walikuwa watoto tena. Chai ilipoa ikapata moto yenyewe.

Nami nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, katika nguo za mtu mwingine, nikisema peke yangu.

Neno nililisema mimi. Nalikubali. Lakini neno langu lilikuwa pua tu.

Waliocheka ndio waliojua. Waliojua walinyamaza miaka yote, na kunyamaza kwao kulikuwa wema. Ni wema? Kila walipomsalimia njiani walikuwa na kicheko hiki mfukoni.

Basi wao ndio wenye kosa. Ila bila mimi wasingecheka. Ila bila wao mimi nisingesema.

Ningekuwa nimezaliwa Nyanda, herufi zile zile zisingekuwa na uzito. Zingepita. Yeye angeumia vilevile. Au asingeumia? Jeraha linauliza kwanza ukoo wa aliyechoma?

Nina maumivu mgongoni. Siku zote nilikuwa nayo?

Nakumbuka mtoto amelala juu ya rundo la sufi, kinywa wazi, na mimi nimesimama mlangoni na sindano ya godoro mkononi, siwezi kuingia, siwezi kuondoka. Sijawahi kushona godoro.

Mjadala ulikatizwa na kikongwe aliyeingia akiwa ameshika makubazi yake mkononi. Huyu alikuwa Bi Nyamizi, mtani wa kweli wa nyumba ile, aliyetoka Nyanda kwa mwendo wa taratibu kwa sababu, kama alivyosema yule mama wa sokoni, wao huchelewa makusudi. Hakutoa pole. Alianza kwa kutukana turubai, akatukana wali kabla hajauonja, akasema Mwinyimvua kafa kwa uvivu, asingekuwa mvivu angemalizia kwanza godoro alilomwahidi yeye Nyamizi. Watu walicheka kwa shukrani. Kisha akaniona nimevaa. Akauliza ni nani wamemvisha kanzu ya marehemu, na wakamweleza yote, wakipokezana, kila mmoja akiruka sehemu yake mwenyewe ya kucheka.

Alinivuta hadi nyuma ya nyumba, palipokuwa na pipa la maji. Siwatu alitufuata akasimama hatua chache, na bibi hakumfukuza. Aliniuliza mama yangu nani. Nikasema sikumbuki. Akaniuliza nimetoka njia gani, nikamwonyesha daraja, akatikisa kichwa akisema huko hakuna watu wao. Nilidhani atanizaba kofi. Badala yake aliketi juu ya jiwe la kufulia, akajikanda magoti, akaanza kusema bila kunitazama.

"Mimi nimemtania Mwinyimvua tangu tuna meno. Nimemtukania kipara, nimemtukania mama yake, nimemwibia jogoo siku ya harusi yake. Hilo la pua nilikuwa nalo. Alinipa mwenyewe, siku moja alipolia hapa nilipokaa. Lingewachekesha watu kuliko yote niliyowahi kusema. Sikuligusa." Akanitazama sasa. "Unadhani tunarithishana maneno, wewe? Maneno yapo tele. Tunarithishana ya kutosema."

Siwatu alisikia kila kitu. Ndiyo, na hapo ndipo lilipothibitishwa. Kama kulikuwa na uzi wa shaka uliobaki, ulikatika kwenye pipa la maji. Niliona uchungu wake. Nilitaka kuomba radhi, lakini kwa sauti ipi? Ya kwangu sikuwa nayo, na ya baba yake ndiyo iliyomwumiza. Yeye alimuuliza bibi jambo moja tu, kama baba yake alijua tangu mwanzo au aliambiwa baadaye. Bi Nyamizi alisema hilo hakumwambia, na yeye hakuuliza, maana hata machozi ya mtani wako yana mpaka wake. Siwatu akaanza kuchomoa nyuzi za sufi kwenye nywele zake, moja moja, na kuziangusha.

Kisha bibi akainuka, akanishika sikio, akanirudisha mbele ya watu nikiwa nimeinama. Akawaambia huyu ni wetu. Ni mjukuu wa dada yake aliyepotelea safarini, kichwa si kizuri, ndiyo maana hata jina hajui, na hawaoni hilo sikio lilivyo kubwa, ni nani mwenye sikio hilo kama si watu wa Nyanda? Wakacheka. Akasema neno lake ni upepo, na mwenye kulibeba akamwone yeye. Mzee Mwinyikondo alishusha pumzi akakaa chini kwa uzito. Wale wa kwenye ua walisogea kwenye turubai, na wale wa kwenye turubai wakawapisha mikeka. Ulikuwa uongo mzuri. Ulimwokoa Siwatu, ulimpa tena mchanga wake, na ulimwokoa pia kila aliyecheka, hata yule aliyepiga paja la mwenzake, ambaye sasa alikuwa akisema kwa sauti kwamba yeye tangu mwanzo alijua ni mtani. Sikujua nifurahi au nikasirike. Nilifanya yote mawili, nikaona yanafanana.

Na nikawa mtani. Nawaambia ilivyokuwa: mara tu aliposema, nikakumbuka bibi yangu wa Nyanda, na nyumba yenye mlango mfupi, na harufu ya mtama. Kumbukumbu zilikuja zimepangwa. Huenda wote hufanywa hivyo, huenda na nyinyi kuna mtu aliwashika sikio siku moja akawatangaza. Lakini chini ya bibi yule wa Nyanda bado alikuwapo mtoto aliyelala juu ya sufi, na mtu aliyesimama mlangoni. Hao hawakuondoka.

Tulimchukua Mzee Mwinyimvua. Makaburi ya mji ule yako katikati ya mji, yamezungukwa na maduka, na wauzaji huinuka jeneza linapopita kisha hukaa. Nilishuka kaburini nikalala, kama inavyotakiwa, nikagoma kutoka mpaka waniahidi kuku, na wakaniahidi, nikadai awe mweupe, wakacheka, nikatolewa kwa kuvutwa miguu. Niliyafanya hayo yote vizuri. Wakamteremsha. Mzee Mwinyikondo akatangaza kwamba mtoto atangulie, na Siwatu akapita katikati yao mpaka ukingoni, akainama akachota mchanga kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyemzuia. Baadhi yao walimpapasa mgongo alipokuwa akipita, na nilimwona anavyojikaza kila alipoguswa.

Hakuutupa. Alisimama na mkono umefumbwa, na badala ya kutazama chini alinitazama mimi, niliyekuwa upande wa pili wa shimo na udongo umenijaa mgongoni. Watu walidhani analia. Hakuwa akilia. Alikuwa na swali ambalo mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na jibu lake, na mtu huyo alikuwa amelala kati yetu ndani ya sanda. Siwatu alitazama sanda, akatazama kanzu.

"Wewe umezivaa nguo zake," akasema. "Niambie kabla sijamfunika. Alijua, akanilea hivyo hivyo?"

Niseme nini? Kama ni mpita njia, sijui lolote kuhusu mtu huyu. Kama ni mtani, nina ruhusa ya kusema lolote na halitakuwa kitu. Nilitafuta mtu wa tatu wa kusema kupitia kwake, na nikamkuta pale mlangoni, na sindano yake, akimtazama mtoto asiye wake aliyelala kinywa wazi. Nilimwona anasimama muda mrefu. Mtoto akapiga chafya usingizini kwa sababu ya sufi. Mtu yule akaweka sindano juu, mahali ambapo mtoto hafiki, akaingia ndani. Niliona alivyoingia. Sijui niliona kwa macho ya nani, lakini niliona, na katika safari yangu yote hakuna jambo jingine ninaloweza kulishuhudia bila kubabaika.

Sikuburuta mguu. Sikupiga chafya. Nilivua kofia, nikasema kwa sauti iliyotoka yenyewe, "Nilijua tangu siku ya kwanza, mwanangu. Nikakutaka."

Aliyeanza kucheka alikuwa mtu wa nyuma. Kilikuwa kicheko kizuri, cha upole, kile cha kwanza kinachoanza kwa mmoja na kusambaa, na kikazunguka kaburi lote. Watu walifuta machozi. Mzee Mwinyikondo alitikisa kichwa akisema watani hawa, watani hawa. Bi Nyamizi peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso. Siwatu alikuwa bado ananikazia macho ng'ambo ya shimo, midomo imeachana kidogo, akingoja niwaambie kama ni utani.

"Sitanii," nikasema.

Wakazidi kucheka, na Siwatu akafumbua mkono.